Uvimbe wa Maji Tumboni

Mimi si daktari, ni Afisa Elimu tu. Lakini jambo la leo huanzia zizini na machinjioni, kwa hiyo nimethubutu kulisema.

Tumbo likivimba upande mmoja, watu husema upesi: bandama, au mimba, au amelogwa. Bandama mara nyingi huwa kweli, maana malaria na kichocho tunavyo. Lakini uko uvimbe mmoja wa nadra, wa ugonjwa uitwao ekinokokosi. Katika utumbo wa mbwa hukaa tegu mdogo, urefu wake milimita chache tu. Mayai yake hutoka na kinyesi, yakashika manyoya na majani. Kondoo, mbuzi au ng'ombe akiyala, huota mifuko ya maji katika ini au mapafu. Mchinjaji humtupia mbwa mifuko hiyo, na mambo huanza upya. Mtu naye akiyameza kwa mkono usionawiwa, mfuko humwota, mara nyingi katika ini. Hukua polepole, pengine miaka mingi bila maumivu.

Kule Turkana, kaskazini magharibi ya Kenya, ugonjwa huu ulionekana mwingi kuliko karibu pote duniani. AMREF ilianza kuupiga vita huko mwaka 1983, na mashine za ultrasaundi zikawafuata wafugaji hukohuko waliko. Katika picha ile mfuko wa kawaida huonekana mweusi mtupu. Huu wa tegu pengine una ukuta wa tabaka mbili, au mifuko midogo ndani yake kama mayai tumboni mwa kuku. Kipimo cha damu husaidia, ila kisipoona kitu si hakika kwamba hakuna.

Sasa nisikilizeni sana. Uvimbe usiojulikana usitobolewe, usichanjwe, wala usikandwe kwa nguvu. Maji yake yakimwagika ndani, mtu aweza kuzimia na kufa mara moja. Akipona, mbegu zilizomwagika huota mifuko mingine. Wako mabingwa wanaoutoboa kwa sindano, lakini hutanguliza dawa ya albendazoli, na macho yao yako kwenye picha.

Mkifika hospitali msingoje kuulizwa. Semeni kama mnafuga mbwa, na kama mbwa hao hula matumbo mabichi. Daktari aliyezoea bandama huenda asiulize. Na anayechinja leo, ini lenye mifuko ya maji alifukie shimo refu, au alichome moto.