Skrini Inapocheza, Tuanze na Vumbi na Waya

Mazungumzo na wakazi wa Nkombo, Wilaya ya Rusizi, katika kikao cha wananchi

Mmezoea kutusikia tukinena juu ya majaketi ya kuokolea, nyavu zilizokatazwa na mitumbwi isafiriyo usiku bila taa. Leo twaja na jambo la kompyuta. Msicheke. Kompyuta moja ya mezani ilikaribia kuzaa kesi katika kisiwa hiki.

Ushirika mmoja, ambao hatutautaja, ulinunua mashine hiyo kwa michango ya wanachama. Humo huandikwa mizani ya sambaza na akiba ya kila mtu, na kwa hiyo watu huombewa vyeti ambavyo siku hizi hupitia Irembo. Baada ya miezi kadhaa skrini ikaanza kucheza. Mara mistari ya rangi ikapita juu ya maandishi, mara vigae vidogo vidogo vikatapakaa kama mtama uliomwagika, mara giza tupu na mashine ikajiwasha upya. Kijana aliyekabidhiwa kazi hiyo akaulizwa, akasema hajui. Mmoja akanena kwamba ameingiza virusi kwa kutazama sinema. Mwingine akakumbusha kwamba kijana huyo huyo aliwahi kuivusha mashine hadi Kamembe kwa matengenezo. Bila shaka huko aliuza kipande kizima akarudi na kibovu. Kufikia siku ya tatu lawama ilikuwa imekwisha kuwa hukumu: alipe, au apelekwe polisi. Kijana hakungoja kupelekwa. Alikuja kwetu mwenyewe, kwa miguu, amebeba stakabadhi ya fundi ndani ya mfuko wa plastiki.

Tuliuliza wenye ushirika swali moja tu: skrini hucheza saa ngapi? Hakuna aliyejua. Watu walikuwa wamemchunguza kijana kwa siku tatu, na hakuna aliyeichunguza mashine hata kwa robo saa.

Basi tukaomba iwekwe daftari kando ya kibodi, na kila kasoro iandikwe: saa, kazi iliyokuwa ikifanyika, na kitu gani kingine kilikuwa kimewashwa chumbani. Daftari la siku mbili likatueleza mengi kuliko maneno yote ya kikao. Asubuhi mashine ilikuwa salama. Mistari na vigae vilianza baada ya muda, vikazidi mchana, vikatoweka mashine ikizimwa na kupumzishwa. Lakini lile giza la kujiwasha upya halikufuata saa wala joto. Lilikuja kila mtu alipochapa karatasi. Kumbe zilikuwa kasoro mbili, nazo zilikuwa zimelaumiwa kama moja.

Tuseme kwanza juu ya joto. Ndani ya sanduku la kompyuta mna prosesa, na katika mashine nyingine mna pia kadi ya picha, ambayo kazi yake ni kuchora kila mnachokiona kwenye skrini. Vyote viwili huzaa joto, na joto hilo huondolewa na kipande cha chuma chenye mapezi pamoja na feni inayopuliza hewa. Mapezi yakizibwa na vumbi, au feni ikikwama, au yale mafuta mazito ya kupitisha joto yakikauka kati ya chuma na prosesa, joto hukosa njia. Prosesa nyingi hujipunguzia kasi zinapokaribia nyuzi 100, na zikizidi huzima mashine zisiungue. Kadi ya picha iliyochemka aghalabu huanza kwa kuchora vibaya: ndiyo ile mistari, ndivyo vile vigae. Kisiwani kwetu mna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam, kwa hiyo feni ile ile hubeba joto kidogo zaidi kwa kila mzunguko. Si jambo la kutisha, ila latunyima nafasi ya kuzembea.

Fundi tuliyekwenda naye alipolifungua sanduku alitoa vumbi lililogandamana na moshi wa mkaa hata likawa kama sufu, pamoja na mende wawili na wadudu wa ziwani wasiohesabika, wale wanaofuata taa. Lakini mkosaji mkubwa alikuwa nje ya sanduku. Mama mmoja wa ushirika alikuwa ameifumia mashine kitambaa kizuri chenye maua, na kitambaa hicho kilikaa juu yake mchana kutwa, kikiziba matundu ya nyuma na ya juu. Aliifunika ili isiingie vumbi. Aliipenda kama mtoto, akamvisha sweta kwenye jua.

Sasa umeme. Njia zetu hubeba volti 230, lakini nyumba iliyo mwisho wa njia, au yenye nyaya nyembamba, hupata pungufu pale mzigo unapozidi. Katika chumba kile kompyuta, skrini, printa ya leza na birika la chai vyote vilichomekwa kwenye ekstensheni moja ya sokoni. Printa ya leza huyeyusha wino wa unga kwa joto, na inapoanza kupasha inaweza kuvuta zaidi ya wati 1,000 kwa sekunde chache. Birika huvuta hata mara mbili ya hizo. Volti hushuka kwa kufumba na kufumbua. Pawa saplai nzuri, yaani lile sanduku dogo la ndani linaloupokea umeme na kuugawa, huvumilia mshuko huo. Iliyochoka haivumilii. Fundi alipima nyaya za njano, zinazopaswa kubeba volti 12. Zikishuka chini ya 11.4 mashine ikiwa kazini, pawa saplai hiyo haifai tena. Yetu ilishuka.

Vijana wa michezo nanyi msikilize hapa. Kompyuta nyingi za ofisi zinazouzwa zikiwa zimekwisha kutumika huja na pawa saplai ndogo, ya wati 200 na kitu, inayotosha kazi za ofisi na si zaidi. Mtu akinunua kadi kubwa ya picha akaipachika humo, ajue kwamba tundu la kadi peke yake hutoa wati 75, na kadi yenye mdomo wa ziada wa pini sita huomba 75 nyingine, ya pini nane 150. Mchezo utaanza vizuri, na goli la kwanza likikaribia skrini itakuwa nyeusi. Wala msiamini kila lebo. Pawa saplai iliyoandikwa wati 500 na ikawa nyepesi kama kopo tupu, mwulizeni muuzaji maswali kabla ya kutoa pesa.

Mtu asiye fundi anaweza kupima nini bila kufungua kitu? Mengi. Chunguzeni kwanza waya wa skrini, ncha zote mbili, maana mashine iliyopanda mtumbwi na kushuka hulegea viungo. Skrini ikiwa inacheza, hifadhini picha ya skrini kwa kutumia kibodi, kisha mwifungue picha hiyo kwenye simu au kompyuta nyingine. Ikiwa mistari imo ndani ya picha, kasoro iko kwa mchoraji, yaani kadi au programu inayoiongoza. Ikiwa picha ni safi, tazameni waya, skrini yenyewe, au tundu ulimochomekwa waya. Tena tazameni sekunde za mwanzo kabisa, kabla Windows haijaanza: mistari ikiwapo hata hapo, acheni kusema virusi, kwa maana virusi vya Windows bado havijaamka. Kisha ondoeni kitambaa, isogezeni mashine mbali na ukuta kwa kiasi cha mkono, chomekeni printa kwenye tundu lake pekee ukutani, halafu mwone siku mbili. Hayo yote hayagharimu hata faranga moja.

Kuna mawili msiyaguse. Pawa saplai isifunguliwe nyumbani. Hata ikichomolewa, ndani yake mnaweza kubaki chaji ya volti zaidi ya 300, nayo haimjui aliyeomba ruhusa na asiyeomba. Na pawa saplai za zamani zina kiswichi chekundu nyuma chenye tarakimu 115 na 230. Kikae kwenye 230. Aliyekisogeza kwenye 115 kwa udadisi atasikia mlio na kunusa moshi.

Mtatuuliza: polisi ana haja gani na vumbi? Haja yetu ni kijana yule. Kuharibu mfumo wa kompyuta kwa makusudi ni kosa, na Rwanda ina Sheria Na. 60/2018 ya tarehe 22/8/2018 juu ya makosa ya mtandao. Upelelezi wake ni kazi ya RIB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2017. Kwa hiyo neno «ameiharibu» si neno la kutupwa hewani. Ukilitamka mbele ya polisi umemtaja mtu kuwa mhalifu, na katika kisiwa ambacho kila mtu ni shemeji wa mwenzake, neno hilo halirudi lilikotoka hata mashine ikipona. Tulisikia kwamba wakati wa siku zile tatu dada yake kijana hakuuziwa dagaa kwa mkopo, jambo alilozoea tangu utotoni. Hilo halikuandikwa kwenye stakabadhi yoyote.

Wala hatusemi kwamba wizi wa vipande haupo. Upo, na ndiyo maana twawaomba jambo jepesi: kabla mashine haijapanda mtumbwi, pigeni picha ya ndani yake, andikeni namba zilizo kwenye lebo, ukubwa wa kumbukumbu na wa diski, na fundi aweke saini kwenye karatasi hiyo hiyo. Ikirudi, linganisheni mbele ya mashahidi wawili. Diski yenye nakala za vitambulisho vya watu ibaki kwenu ikiwezekana; kuchunguza feni hakuhitaji diski. Namba zikitofautiana, njooni na karatasi hiyo, nasi tutakuwa na pa kuanzia. Na mkigombania malipo tu, pasipo jinai, Abunzi wapo, na wamesuluhisha magumu kuliko hayo. Atakayeisindikiza mashine naye avae jaketi la kuokolea. Tumeona watu wakiifunga kompyuta kwa turubai vizuri sana na wenyewe wakakaa ukingoni bila kitu.

Stakabadhi ya kijana ilikuwa ya kweli. Alilipia feni, na feni ile ile ilikuwamo. Ushirika umenunua pawa saplai nyingine, mapezi yamepulizwa, mafuta ya kupitisha joto yamepakwa upya, na printa ina tundu lake. Mwenyekiti alimwomba kijana radhi mbele ya wanachama, kwa maneno machache na kwa uso mzito, lakini alisimama. Kijana amekubali kurudi kwenye kiti chake kwa sharti kwamba daftari libaki mezani na kila atumiaye mashine aandike jina na saa. Twaliona sharti la haki.

Mama wa kitambaa alituuliza kabla hatujaanza mazungumzo haya akitupe au akigawe. Hapana, mama. Kifunike mashine usiku, ikiwa imezimwa na imekwisha kupoa, na asubuhi kiondolewe kabla ya kuiwasha. Twaomba tu atakayekuja wa kwanza akikunje, asikiweke juu ya printa.