Programu za Ofisi: ya Kulipia, ya Bure na ya Kukraki

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya walimu, watendaji wa vijiji na makatibu wa vikundi, Kata ya Ndagoni, Wilaya ya Mafia



Nimeombwa nilinganishe programu za ofisi za bure na zile za kulipia. Naomba ruhusa niongeze ya tatu, maana tukibaki na hizo mbili tutakuwa tunajadili ofisi za watu wengine. Huku kwetu, tangu Kilindoni mpaka hapa Ndagoni, si ajabu kukuta kompyuta ina Word na Excel ambazo hakuna aliyezilipia. Fundi alikuja na flashi, akapiga Windows, akapiga Office, akaikraki, akalipwa ufundi wake akaondoka. Mshindani wa programu ya bure hapa ni hiyo ya kukraki, ambayo mwenye kompyuta naye anaihesabu kuwa ya bure.

Ya kulipia sitaisema sana. Microsoft 365 ya mtu mmoja, kwa bei ya Marekani ya tangu Januari 2025, ni dola 99.99 kwa mwaka. Hizo ni zaidi ya shilingi 200,000, na mwakani unalipa tena. Sehemu ya pesa hiyo inakwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni ya terabaiti 1, ambayo kwa mtu anayenunua bando la wiki haina kazi kubwa. Ubora wake siukatai. Excel inaishinda Calc, programu ya majedwali ya LibreOffice, kwenye majedwali mazito, na atakayebisha hajafanya kazi na jedwali la mistari laki moja. Lakini daftari la hisa na mikopo la kikundi cha watu thelathini halifiki huko.

Ya kukraki inagharimu kwa njia nyingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na muziki, kwa hiyo ofisi ya umma inayotumia nakala ya wizi inavunja sheria, hata kama hakuna mkaguzi aliyewahi kuvuka kutoka Nyamisati kuja kuuliza. Linalonisumbua zaidi ni jinsi kazi yenyewe inavyofanyika. Programu ya kukrakia mara nyingi hukutaka kwanza uzime antivairasi. Humjui aliyeitengeneza, na kompyuta unayomwachia ina alama za wanafunzi, namba za simu za wanachama na hesabu za kikundi. Ukichanganya na mazoea yetu ya flashi moja kuzunguka shule, zahanati na stationari, virusi vinapata usafiri wa bure. Tena nakala nyingi ni za zamani: Office 2010 iliacha kupata masahihisho ya usalama Oktoba 2020, na Office 2016 na 2019 zikafuata tarehe 14 Oktoba 2025.

Sasa LibreOffice, ile ya bure. Asili yake ni StarOffice ya Ujerumani, iliyonunuliwa na kampuni ya Sun mwaka 1999. Mwaka uliofuata Sun ikaweka wazi msimbo wake, na hapo ikazaliwa OpenOffice. Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010, waandaaji wengi wa programu hiyo waliingiwa na wasiwasi, wakajitenga Septemba ya mwaka huo na kuendelea na kazi ileile kwa jina la LibreOffice. Kampuni ilibadilika, programu ikabaki, kwa sababu leseni iliwaruhusu kuichukua na kwenda nayo.

Ruhusa hiyo imeshawahi kutumika hapa Tanzania. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden katika mradi wa KiLinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Mwaka huohuo Microsoft nayo ilitangaza kwamba italeta programu zake kwa Kiswahili. Sitadai kwamba mmoja alimkimbiza mwenzake. Ninachojua ni kwamba watu wa chuo hicho hawakumwomba yeyote kibali, wala hawakungoja kampuni ya ng'ambo ipige hesabu kama soko la Waswahili linalipa. Jambo haikuenea mashuleni kama ilivyotarajiwa. Vyuo vya kompyuta viliendelea kufundisha Word, matangazo ya kazi yakaendelea kudai Word, na mtu hujifunza kile atakachoulizwa kwenye usaili. Hata hivyo leo LibreOffice ina kamusi ya Kiswahili ya kusahihisha tahajia. Wakati wa kuiweka, chagua mwenyewe vipengele vya lugha uitie tiki, la sivyo kila neno la barua yako litapigiwa mstari mwekundu.

Hapa niseme kidogo juu ya WPS Office, maana naona wengi mnayo kwenye simu. Hiyo pia huilipii, lakini si programu huria. WPS ni dafu la kupewa: unakunywa, kwisha. LibreOffice ni nazi ya mbegu, unaruhusiwa kupanda na kugawa miche mtaa mzima. Kwenye simu ya Android ipo Collabora Office, iliyojengwa juu ya LibreOffice hiyohiyo.

Kwa hiyo katika kuchagua kati ya programu hizi, swali la maana ni hili: faili lako anakwenda kulifungua nani, na atalifanya nini?

Chukueni kikundi kinachoomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kinahitaji katiba, orodha ya wanachama, muhtasari wa kikao na andiko la mradi. Hizo zote ni karatasi za kusomwa, kupigwa muhuri na kuwekwa kwenye jalada. Hakuna ofisa atakayeihariri katiba yenu. Iandikeni kwa Writer ya LibreOffice, itoeni kwa PDF, na itafunguka Kilindoni, Kibaha na Dodoma bila herufi moja kuhama. Mtihani wa darasa, barua kwa wazazi, na taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji inayobandikwa kwenye ubao ni hivyohivyo. Mifumo mikubwa ya serikali nayo, kama PReM ya Baraza la Mitihani, inafunguliwa kwa kivinjari, haiulizi una Office gani. Na takwimu za afya nchini zinakusanywa kwa DHIS2, programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo. Anayesema programu huria ni za kuchezea aende akaulize zahanati.

Shida huanza pale faili linapokwenda na kurudi. Ofisa anakutumia fomu ya Word, unaijaza, anaipokea, jedwali limeteleza na ukurasa wa pili umekuwa wa tatu. Mara nyingi chanzo ni fonti. Calibri na Times New Roman ni mali ya watu, kwa hiyo LibreOffice huja na mbadala wenye upana uleule wa herufi, Carlito na Liberation Serif, na mistari hukatika palepale. Mtu akiwa ametumia fonti nyingine ya ajabu, au amesogeza maneno kwa kubonyeza spesi mara arobaini, hakuna programu itakayomwokoa. Ingieni pia kwenye mipangilio ya kuhifadhi, muiambie LibreOffice ihifadhi kwa docx na xlsx siku zote. Umbizo lake lenyewe, ODF, ni kiwango cha kimataifa tangu 2006, lakini katibu wa kikundi hana sababu ya kumfundisha ofisa viwango vya kimataifa wakati anataka mkopo.

Na kuna mahali nitawaambia msitumie LibreOffice. Ukiletewa jedwali la Excel lenye vitufe na makro, la kujaza na kurudisha, lijaze kwenye Excel halali ya ofisi iliyolileta. Makro hizo LibreOffice huzisoma nusunusu, na kosa kwenye takwimu halionekani kwa macho.

Tusidhani wakubwa wameshalimaliza suala hili la kuhama programu. Jiji la Munich liliamua kuachana na Microsoft mwaka 2003, likahamisha kompyuta kama 15,000, na kufikia 2017 madiwani wakapiga kura kurudi. Mwaka 2024 jimbo la Schleswig-Holstein, Ujerumani hiyohiyo, likatangaza kuhamisha kompyuta 30,000 kwenda LibreOffice. Kwa maoni yangu ofisi huyumba pale watumishi wanapobadilishiwa chombo bila kufundishwa na bila mtu wa kumuuliza jambo linapokwama. Ndiyo maana siwashauri mwende nyumbani mkafute Word leo. Wekeni zote mbili zikae pamoja, hazigombani, na kazi mpya zote zianzie kwenye Writer. Baada ya muhula mmoja mtajua wenyewe kama ile ya kukraki bado mnaihitaji.

Kuhusu upatikanaji. Faili la kuiweka LibreOffice kwenye Windows ni takribani megabaiti 350. Si lazima kila mmoja achome bando lake: mmoja apakue kutoka kwenye tovuti ya LibreOffice yenyewe, wengine wanakili kwa flashi, na kunakili huko ni halali kabisa. Wenye kompyuta za Windows 7, tafuteni toleo la 25.2, kwa sababu kuanzia 25.8 hazikubaliwi tena. Ndugu zangu wa stationari, mteja mlipisheni muda wenu na ufundi wenu kama kawaida, leseni haiwakatazi.

LibreOffice ninayo hapa kwenye kompyuta ya mezani, matoleo yote mawili. Wenye flashi wasogee wakati wa chai, ila kila flashi ipitie antivairasi kwanza.