Kijiko Kisicho na Jina
(Maneno ya mzee mmoja, Siku ya Kumbukumbu)



Mwaka 1939 serikali ya Ujerumani iliwalazimisha Wayahudi kusalimisha vyombo vyao vya fedha. Vingi viliyeyushwa. Vichache vilibaki katika jumba la makumbusho mjini Munich, na vikaratasi vya namba vimebandikwa chini. Kwa namba hizo, miaka 80 baadaye, familia zilitafutwa zikarudishiwa mali.

Vijiko vya fedha vya zamani navyo husema: herufi za mpini ni za wenyewe, alama za nyuma ni za sonara.

Mimi nilikimbia na kijiko cha mama, cha bati, hakina herufi. Nikifa, nani atajua ni cha nani? Naiomba kamati ifungue daftari: jina, kijiji, wazazi, na tulichobeba.