Kutii ni Kwetu, Matokeo ni ya Mungu

(Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za sharika na wafadhili wa kazi yetu)



Kila robo mwaka tunajaza taarifa. Fomu inauliza: watu wangapi wamefikiwa, visima vingapi vimechimbwa, vikundi vingapi vimeundwa. Maswali hayo ni ya haki, kwa sababu fedha ya sadaka ni amana. Lakini kuna swali jingine ambalo fomu haina nafasi yake: je, tumetii? Leo tuyatazame maswali haya mawili, tusije tukayachanganya.

Tuanze na historia ya hapa kwetu Nyanda za Juu Kusini. Mwaka 1891 wamisionari wanne wa Moravian walipanda kutoka Ziwa Nyasa kwenda Rungwe. Mmoja wao, Georg Martin, alifariki mwaka huohuo. Waliobaki walijenga, wakajifunza lugha ya wenyeji, wakahubiri. Je, mwaka 1893 wangeandika nini kwenye safu ya waliobatizwa? Mtu wa kwanza kubatizwa pale, mama aliyeitwa Fiabarema, alibatizwa mwaka 1897. Leo Tanzania ina Wamoravian wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Martin hakumwona hata mmoja wao.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika huku mwaka 1916, wamisionari wa Kijerumani, wa Moravian na wa Berlin pia, waliondolewa na Waingereza. Kwa macho ya kibinadamu kazi ilikuwa imekwisha. Lakini walimu na wazee wa kanisa, Waafrika wenyewe, waliendelea kuwakusanya waumini bila kujua kama wamisionari wangerudi. Walifanya lililokuwa mbele yao. Ndivyo Paulo anavyowakumbusha Wakorintho (1 Kor. 3): yupo wa kupanda na yupo wa kumwagilia, ila ukuaji hautoki kwa yeyote kati yao.

Sasa tuje karibu zaidi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003/04 ulionyesha kuwa maambukizi ya VVU kwa watu wa miaka 15 hadi 49 yalikuwa asilimia 13.5 mkoani Mbeya na asilimia 13.4 mkoani Iringa, ambao wakati huo ulikuwa pamoja na Njombe. Wastani wa Tanzania Bara ulikuwa asilimia 7. Dawa za kupunguza makali ya VVU zilianza kutolewa bure na serikali mwaka 2004, na zilichukua muda kufika vijijini. Katika miaka hiyo wahudumu wa kujitolea wa sharika na parokia walipita nyumba kwa nyumba. Walipika uji, walifua mashuka, waliwaogesha wagonjwa, kisha wakawazika. Ukiwapima kwa idadi ya waliopona, hawana cha kuandika. Ukiwapima kwa Mathayo 25, wana mengi.

Tena, utafiti wa mwaka 2022/23 bado uliiweka mikoa ya Iringa na Mbeya juu sana ya wastani wa taifa. Msomaji wa haraka atasema kazi imeshindwa. Kumbe sababu mojawapo ni kwamba wanaotumia dawa hawafi kama zamani. Wanaishi, wanalima, wanasomesha watoto, na bado wanahesabiwa. Maambukizi mapya yapo, na hayo hatuwezi kuyafumbia macho. Lakini tarakimu moja haiwezi kusimulia yote ambayo Mungu ametenda.

Wapendwa, kumwachia Mungu matokeo si kichaka cha kujifichia. Mkulima anayemtegemea Mungu kwa mvua hapandi mahindi bila kulima, wala hapandi mbegu zilizobunguliwa. Sehemu yetu ni tatu: kupanga vizuri, kutunza fedha kwa uwazi, na kumtembelea mtu hadi mwisho hata pasipo dalili ya mafanikio.

Ipo na ya nne, nayo ndiyo ngumu: kusema kweli. Anayeamini kwamba matokeo ni yake mwenyewe atashawishika kuyaongeza kwenye karatasi. Mbuzi waliokufa ataandika wapo. Kikundi kilichovunjika ataandika kinaendelea. Anayeamini kwamba matokeo ni ya Mungu hana haja ya kumsaidia Mungu kwa uongo.

Kwa hiyo tunaziomba kamati: katika taarifa ijayo andikeni yaliyofanikiwa na yasiyofanikiwa, na sababu zake. Nanyi wafadhili wetu, mnapokutana na ukurasa wenye habari mbaya, msidhani mara moja kwamba fedha imepotea. Ulizeni, tuulizane, tusahihishe panapohitaji kusahihishwa. Huenda ukurasa huo ndio mwaka 1893 wa kazi hiyo.

Mungu awabariki nyote.