Bei ya Dukani na Bei ya Barabarani: Gharama Halisi ya Kununua Gari Dogo Jipya Nchini India

(Mazungumzo ya elimu kwa mlaji)

Maneno manne tutakayoyatumia sana leo, yaani gari, bima, laki na rupia, yalitufikia kutoka ng'ambo ya pili ya Bahari ya Hindi. Kwa hiyo mtu wetu akisikia kwamba huko Pune gari jipya linauzwa kwa laki 7 za rupia, hahitaji mkalimani: laki yao ni laki yetu, 100,000. Anachohitaji ni kujua iwapo laki 7 hizo ndizo zitakazomtoka mfukoni. Sizo. Mazungumzo haya yanahusu tofauti iliyopo kati ya namba inayotangazwa na namba inayolipwa.

Tumechagua soko la India kwa sababu mbili. Kwanza, wapo wanafunzi, wafanyabiashara na jamaa zetu wanaoishi huko, na bei za huko hutufikia kila siku kwa simu. Pili, magari ya huko yanatufikia yenyewe. Tangu 2020 kampuni ya Toyota imekuwa ikiuza katika nchi kadhaa za Afrika gari dogo liitwalo Starlet, ambalo asili yake ni Suzuki Baleno iliyotengenezwa India. Mlaji anayelinganisha bei ya kule na bei ya hapa hana budi kujua kwanza namba ya kule imebeba nini na imeacha nini.

Gari tunalolizungumzia ni lile ambalo mlango wake wa nyuma hufunguka kwenda juu pamoja na kioo, na ambalo halina buti lililojitokeza nyuma. Wenye biashara huliita hachibaki. Maruti Suzuki Swift, Wagon R, Hyundai i20 na Tata Tiago ni mifano yake. Kwa familia nyingi za India hili ndilo gari la kwanza maishani, na hununuliwa kwa akiba ya miaka. Ndiyo maana kosa la hesabu hapa si jambo dogo. Familia iliyoweka akiba ya laki 7 ikaja kuambiwa siku ya kukabidhiwa gari kwamba inatakiwa laki 8 na ushei, haina nafasi tena ya kufikiri. Arubuni imeshalipwa, jamaa wameshaarifiwa, na pengo hukopwa kwa masharti yoyote yaliyopo mezani.

Tuanze na bei ya dukani. Hii ndiyo inayoandikwa kwenye matangazo. Ndani yake mna gharama ya kiwanda, faida ya muuzaji, na Kodi ya Bidhaa na Huduma, inayojulikana kwa kifupi kama GST. Kodi hiyo ilianza tarehe 1 Julai 2017. Kwa gari dogo la petroli ilikuwa asilimia 28 pamoja na tozo ya asilimia 1. Kuanzia tarehe 22 Septemba 2025 ilishushwa hadi asilimia 18, na tozo ile ikaondolewa. Gari ambalo thamani yake kabla ya kodi ni rupia 500,000 lilikuwa likifika 645,000. Baada ya mabadiliko hayo likawa 590,000. Tofauti hiyo ya rupia 55,000 inatufundisha kwamba bei ya mwaka juzi haifai kuwa kipimo cha bei ya leo.

Sheria ndiyo inayosema gari dogo ni lipi. Ni lile lisilozidi urefu wa mita 4, lenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,200 kwa petroli au 1,500 kwa dizeli. Kipimo hicho cha urefu kiliingia katika kodi za India mwaka 2006, na tangu hapo viwanda vimekuwa vikichora magari yaishie hapo hapo. Gari likizidi mipaka hiyo, hata kwa kidogo, huingia katika kundi la kodi ya juu zaidi.

Jambo jingine kuhusu bei ya dukani ni neno "kuanzia". Bei inayotangazwa kwa herufi kubwa ni ya toleo la chini kabisa. Rangi, redio, gia za kujiendesha na mtungi wa gesi asilia hupandisha bei. Mtungi huo hupunguza gharama ya mafuta, lakini mara nyingi hula sehemu ya nafasi ya mizigo. Mlaji aulize bei ya toleo lile hasa analolitaka, kwa jina lake kamili.

Sasa tuvuke mlango wa duka. Ili gari litembee kihalali, bei ya dukani huongezewa mambo ambayo kwa pamoja huzaa bei ya barabarani.

La kwanza na kubwa zaidi ni kodi ya barabara, inayotozwa na jimbo wakati wa usajili. Kwa magari binafsi kwa kawaida hulipwa mara moja kwa miaka 15. Kila jimbo lina viwango vyake, na hapa ndipo tofauti kubwa hutokea. Tuchukue gari la petroli la bei ya dukani ya rupia 700,000, na tukadirie kodi juu ya bei hiyo kwa viwango vya miaka ya karibuni. Delhi, kwa asilimia 7, kodi ni rupia 49,000. Maharashtra, kwa asilimia 11, ni 77,000. Karnataka, kwa asilimia 14, ni 98,000, na juu yake kuna tozo nyingine ya jimbo. Gari ni lile lile, lakini kati ya Delhi na Bengaluru kodi imeongezeka maradufu. Wapo wanaoshawishika kusajili katika jimbo la kodi nafuu. Sheria ya Magari ya 1988 inataka gari litakalokaa katika jimbo jingine kwa zaidi ya miezi 12 lisajiliwe upya huko, na kodi ya huko ilipwe. Unafuu huo basi huwa wa muda.

La pili ni bima. Hapa tutumie lugha ya mitaani kwetu: bima ndogo ni ile inayomlipa mtu wa tatu aliyedhurika, bima kubwa hulipia pia gari lako mwenyewe. Kufuatia amri ya Mahakama ya Juu ya India, tangu tarehe 1 Septemba 2018 mnunuzi wa gari jipya hulazimika kulipia bima ndogo ya miaka 3 kwa mkupuo. Viwango vilivyotangazwa 2022 viliweka malipo ya miaka hiyo 3 kuwa rupia 6,521 kwa injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,000, na rupia 10,640 kwa injini inayozidi hapo hadi 1,500, kabla ya kodi ya asilimia 18. Viwango hivyo havitegemei duka. Sehemu ya bima inayolinda gari lako ndiyo yenye ushindani, na ndiyo unayoweza kuitafutia bei. Muuzaji anaruhusiwa kukupendekezea kampuni ya bima. Kukulazimisha hana haki. Hata hivyo, bei ndogo isikupumbaze: angalia thamani ya gari iliyoandikwa katika hati, maana ikishushwa ili malipo yapungue, fidia nayo itashuka gari likiibiwa.

La tatu ni ada ndogo ndogo za usajili, namba za gari, na kibandiko cha kielektroniki cha kulipia tozo za barabara kuu kiitwacho FASTag. Gari linalozidi rupia 1,000,000 huongezewa pia asilimia 1 ya kodi ya mapato. Kiasi hicho huhesabiwa katika marejesho ya kodi ya mnunuzi, kwa hiyo risiti yake isitupwe.

Tujumlishe kwa Maharashtra. Bei ya dukani ni 700,000. Kodi ya barabara ni 77,000. Bima ndogo ya miaka 3 kwa injini ya sentimita za ujazo 1,200, pamoja na kodi yake, ni 12,555. Bima ya gari lenyewe kwa mwaka wa kwanza tuikadirie kuwa 20,000. Jumla ni rupia 809,555, kabla ya ada ndogo na kabla ya kununua hata zulia la sakafuni. Laki 7 zimekwisha kuwa laki 8.

Mpaka hapo tumetaja yale yanayodaiwa na sheria, au yanayoshauriwa na busara. Lipo kundi jingine, nalo ndilo tunalowaomba mlitazame kwa makini: furushi la vifaa vya urembo, dawa ya kung'arisha rangi, dhamana ya nyongeza, na mstari ulioandikwa "gharama za kushughulikia gari". Vitu hivi havimo katika sheria. Baadhi vina manufaa, na mwenye kuvitaka avinunue kwa hiari yake. Lakini visiingizwe katika orodha moja na kodi ili vionekane kuwa ni lazima. Uliza swali moja tu: "Mstari huu unatokana na sheria ipi?" Ukikosa jibu, omba ufutwe.

Sasa mkopo. Wengi huuliza rejesho la mwezi na kuishia hapo. Tuseme umekopa rupia 600,000 kwa riba ya asilimia 9 kwa mwaka, inayokokotolewa juu ya salio linalopungua. Kwa miaka 5, rejesho ni karibu 12,455 kwa mwezi, na riba yote ni takriban 147,000. Kwa miaka 7, rejesho hushuka hadi karibu 9,653, ila riba hupanda kufikia takriban 211,000. Na ikiwa asilimia 9 hiyo hiyo inakokotolewa juu ya mkopo wa awali bila kujali ulicholipa, riba ya miaka 5 ni 270,000. Asilimia ni moja, mizigo ni mbalimbali. Kwa mikopo mipya kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024, Benki Kuu ya India inawataka wakopeshaji wampe mkopaji taarifa ya mambo makuu ya mkopo, yenye riba halisi ya mwaka ikijumuisha ada. Idai na uisome kabla ya kutia sahihi.

Msimu nao una bei yake. Punguzo huwa jingi karibu na sikukuu ya Diwali na mwishoni mwa mwaka. Gari lililotengenezwa Desemba likisajiliwa Januari litahesabiwa kuwa la mwaka uliopita siku utakapoliuza. Punguzo la Desemba linaweza kufaa kwa anayekusudia kukaa na gari miaka mingi, na lisimfae anayewaza kuliuza mapema. Kwa vyovyote, tazama mwezi na mwaka wa kutengenezwa kabla ya kulipa.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo, kabla ya kutoa arubuni, omba karatasi yenye jina la toleo, bei ya dukani, kodi ya barabara, bima ndogo na bima ya gari kila moja kwa mstari wake, ada za usajili, na vifaa vya hiari vikiwa mbali na hivyo. Uliza kwa maandishi iwapo arubuni hurudishwa ukighairi, na iwapo bei ikipanda kabla ya makabidhiano ni nani atakayebeba nyongeza. Peleka karatasi hiyo katika duka la pili, kisha la tatu.

Aliyeonewa ana pa kukimbilia. Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya India ya 2019 inampa haki ya kupata taarifa za kweli kuhusu bei, na namba ya simu ya kitaifa ya walaji huko ni 1915. Lakini anayepiga simu hiyo akiwa na karatasi mkononi ana nguvu kuliko anayesimulia aliyoambiwa kwa mdomo.

Ndugu wasikilizaji, hatukuja kuwakataza kununua wala kuwasifia soko lolote. Tunaomba tu kwamba jamaa yenu akipiga simu na kusema "nimepata gari la laki 7", mmuulize kwa upole: ni laki 7 za dukani, au za barabarani?