Maendeleo ya Uchumi, ya Jamii na ya Mtu: Jina la Nani Limo Kwenye Daftari la Chama?

Mada kwa semina ya maafisa maendeleo ya jamii wa kata na viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika, Ng'ambo, Tabora

1. Utangulizi

Nimeombwa nieleze maana mbalimbali za maendeleo katika uchumi, katika jamii na kwa mtu mmoja mmoja. Maana hizo karibu kila aliyemo humu alizifanyia mtihani chuoni, kwa hiyo nitazipitia mbio, ili muda unaobaki niutumie kwa jambo ambalo watoa mada wenzangu wamechoka kulisikia kutoka kwangu. Nitakayosema ni maoni yangu. Si msimamo wa ofisi iliyoniruhusu kuja.

2. Maana

Kiuchumi, maendeleo ni kuongezeka kwa uzalishaji na kipato. Kwa kipimo hicho Benki ya Dunia iliiweka Tanzania kwenye uchumi wa kati, ngazi ya chini, Julai 2020. Kijamii, ni shule, zahanati, maji, na uwezo wa watu kujiamulia mambo yao. Kwa mtu binafsi, ni afya, maarifa na nafasi ya kuchagua aishi vipi. Ripoti ya kwanza ya Maendeleo ya Binadamu ya Umoja wa Mataifa, ya mwaka 1990, iliunganisha umri wa kuishi, elimu na kipato katika kipimo kimoja. Sisi tulikuwa tumekwisha kuelezwa na Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora na akarudi kufundisha St. Mary's miaka ya 1940, kwamba barabara na majengo ni nyenzo tu. Hapo inatosha.

3. Tabora na uchumi unaopita

Mkoa huu haujawahi kukosa uchumi. Karne ya 19 Unyanyembe, hapa hapa Tabora, ilikuwa njia panda ya misafara: mkono mmoja Ujiji, mwingine Karagwe na Buganda, na pembe za ndovu zikiteremka Bagamoyo. Reli ya Kati ikafika mwaka 1912, tawi la Mwanza likakamilika 1928. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walifyeka Urambo ili walime karanga. Mradi ukafa mwanzoni mwa miaka ya 1950, tumbaku ikachukua nafasi yake.

Kila mara swali langu ni moja: nani alihesabiwa? Wanyamwezi hawakuwa mizigo ya watu. Walikwenda pwani kwa hiari kama wapagazi wa kulipwa, na wengine waliongoza misafara yao wenyewe. Ila mashamba waliyoyaacha nyuma yalibaki mikononi mwa wanawake na watumwa, na mtama wa mashamba hayo ndio uliowalisha wapitaji. Wasafiri wa Kizungu waliorodhesha shanga na nguo kwa rangi na aina. Aliyelima mtama ni nadra kumwona kwenye vitabu vyao.

4. Daftari

Sasa nije kwenye tumbaku. Mke huanza na kumwagilia vitalu kabla ya mvua. Hupanda, hupalilia, huchuma, hufunga majani kwenye vijiti vya kuingiza kwenye bani, yaani banda la kukaushia. Yakikauka, huketi wiki kwa wiki akichambua madaraja. Watoto humsaidia, na walimu wakuu waliomo humu wanajua mahudhurio yanavyokuwa wakati wa kuchuma. Baba hukata kuni na kukesha na moto wa bani. Sisemi kwamba hafanyi kazi.

Robota likifika sokoni hupimwa, mteuzi hutaja daraja, na hesabu huandikwa kwenye namba ya mwanachama. Hukatwa pembejeo, hukatwa mkopo, hukatwa vya chama. Kinachobaki huingia kwenye akaunti moja, kwa msimu mmoja wa malipo katika mwaka mzima. Katika kaya nyingi nilizozifanyia kazi Urambo, Kaliua na Uyui, mwenye namba hiyo ni baba peke yake.

Yanayofuata mnayajua na mnayacheka vijiweni: nyumba za wageni kujaa, pikipiki mpya, ndoa mpya. Wapo akina baba wanaoketi na wake zao na kupanga senti hadi ya mwisho. Lakini mpango wa serikali hauwezi kujengwa juu ya tabia njema ya mume.

Deni nalo lina sura yake. Wanachama wanadhaminiana, hivyo anayetorosha tumbaku kwa mlanguzi humwachia mwenzake makato. Katika chama kimoja ambacho sitakitaja, nilikuta mabati na mbuzi vikiondolewa kufidia deni la mwanachama. Mbuzi wale mkewe alikuwa amewanunua kwa fedha za karanga zake. Kwenye malipo mwanachama alikuwa mmoja. Kwenye deni ikawa kaya nzima.

Nimejibiwa mara nyingi kwamba sheria hairuhusu jina la mke kuingia kwenye daftari. Inaruhusu. Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya 2013 haimzuii mke kuwa mwanachama kwa haki yake. Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua kazi kuwa mchango katika mali ya wanandoa, na Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983, ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango. Ila mgawanyo wa mali hiyo huja ndoa ikivunjika. Je, mama avunje nyumba ndipo ahesabiwe? Kinachomzuia leo ni kiingilio, hisa, na shamba na bani vinavyojulikana kwa jina la mumewe. Pendekezo la kulipa kwa majina mawili nimelipeleka kwenye vikao vingi. Muhtasari huandika: wazo limepokelewa.

Kisha tazameni mzunguko huu. Ushuru wa mazao unaingia kwenye mapato ya ndani ya Halmashauri. Asilimia 10 ya mapato hayo hurudi kama mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Basi mama aliyefunga majani hurudishiwa kipande cha jasho lake kama mkopo, baada ya kuunda kikundi, kuandika katiba na kusubiri. Hauna riba, nakubali. Lakini atakuwa analipa deni la fedha iliyotoka mikononi mwake.

5. Mapendekezo

5.1 Fomu ya makisio ya msimu iwe na majina mawili na saini mbili kwa kaya yenye wanandoa.

5.2 Malipo yagawanywe kwenye akaunti mbili, au akaunti ya pamoja isiyotoa fedha kwa saini moja.

5.3 Fedha zitoke kwa awamu. Fedha ya mwaka mzima kuingia kwa msimu mmoja ni mtihani hata kwa mtu mwenye busara.

5.4 Mali isiyo ya mwanachama isiguswe kwa deni la mwanachama. Warajisi wasaidizi wa vyama vya ushirika walitolee waraka jambo hili.

5.5 Vyama vipunguze kiingilio kwa mke wa mwanachama. Mkutano mkuu una mamlaka hayo.

5.6 Taarifa zetu za robo mwaka zisiishie kwenye tani na fedha. Ziwe na safu ya mahudhurio ya shule na ya milo katika kaya za wakulima wa tumbaku.

5.7 Asali na uyoga wa miombo vipewe uzito, maana kuni za mabani zinamaliza msitu, na Chuo cha Ufugaji Nyuki tunacho hapa hapa Tabora. Lakini nisingependa tuhamie kwenye asali na daftari lile lile.

5.8 Majina mawili. Narudia 5.1 kwa sababu bila hilo mengine yote ni nasaha.

5.9 Maafisa maendeleo wa kata waalikwe siku za soko, wasiitwe tu siku za mgogoro.

5.10 Nakala za fomu ninayoipendekeza ziko mezani kwa mwandishi wa semina. Mstari wa jina la pili uko chini ya namba ya mwanachama. Chama kinaweza kuijaza kama kumbukumbu ya ndani bila kusubiri waraka wowote. Viongozi walio tayari kuijaribu msimu huu naomba wabaki kidogo baada ya chai, waje na daftari zao.