Kutengeneza Sauti ya Gramafoni Kuukuu

Leo nataka kusema nanyi habari za gramafoni ya mkono, ile itiwayo ufunguo kama saa. Mzee mmoja wa hapa Bungu alinunua moja kuukuu kwa bei nafuu, apate kusikiliza sahani alizoachiwa na mama yake. Mojawapo ni ya Siti binti Saad, aliyevuka bahari kutoka Unguja mwaka 1928 kwenda Bombay kutiwa sauti yake katika santuri. Lakini sauti ilitoka ikikwaruza na kuyumba. Akaniambia, "Mwalimu, mashine hii haifai."

Kwanza tulitazama sindano. Sahani hizo zimefanywa kwa lakiri iliyochanganywa na unga wa mawe, na unga huo huisaga ncha ya chuma. Ikiisha kupiga upande mmoja, ncha huwa na makali kama patasi. Ukiitumia tena huchonga mfereji wa sauti, na kilichochongwa hakirudi. Basi upande mmoja, sindano moja. Mzee alikuwa akitumia moja juma zima, akidhani aweka akiba. Rahisi ghali.

Pili, mwendo. Weka kipande cha karatasi chini ya ukingo wa sahani, kitokeze kidogo. Sahani ikiwa inaimba, hesabu mizunguko kwa saa: yapasa iwe 78 kwa dakika, yaani 39 kwa nusu dakika. Ikizidi au ikipungua, sogeza kidude cha mwendo polepole.

Tatu, mashine ikae sawasawa juu ya meza imara. Tia matone machache ya mafuta ya cherehani penye magurudumu ya meno. Lakini kasha la kamani usilifungue, maana kamani ikifyatuka hujeruhi mkono.

Nne, kichwa cha sauti. Ndani yake mna kiwambo chembamba, pengine cha ulanga, kilichoshikwa na vipira. Vipira vikikauka na kuwa vigumu, sauti hukoroma. Mpe fundi atie vipya vilaini.

Mwisho, tunza sahani zenyewe. Zifute vumbi kwa brashi laini. Usizisafishe kwa spiriti, kwani huyeyusha lakiri. Zisimamishe wima mbali na jua, zisije zikapinda. Wala usipige kwa sindano ya chuma sahani za plastiki za mizunguko 33, zilizotoka mwaka 1948. Utaziharibu mara moja.

Tulipokwisha, tukaipiga ile sahani. Upande wa kwanza ulikuwa umekwisha kuchongwa, haukutengenezeka. Tukaugeuza, upande wa pili ukaimba wazi, kila neno likasikika. Mzee akainama kimya, kisha akasema, "Huu ndio mama aliokuwa akiuimba jikoni."

Siti alifariki mwaka 1950. Hataimba tena mara ya pili. Basi kabla ya kuilaumu mashine, tazama sindano yako. Kwaherini.